Mdogo wangu anataka kukubali kosa la ulevi barabarani "ili yaishe": naombeni ushauri kabla ya Alhamisi

Kaka wa Pongwe aliuliza:

Asalaam aleikum ndugu zangu, na salamu kwenu nyote. Naandika nikiwa na siku nne tu mkononi, kwa hiyo mnisamehe nikienda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alikwenda kwenye arusi ya rafiki yake huko Muheza kwa gari dogo la nyumbani. Anasema alikunywa bia tatu kuanzia saa mbili usiku, akaacha saa tano, akalala ndani ya gari, kisha alfajiri akashika njia ya kurudi. Saa kumi na moja na nusu, alipokaribia Pongwe, alimgusa kwa ubavu wa gari mzee mmoja aliyekuwa akiendesha baiskeli yenye matenga mawili ya nazi. Mzee alianguka pembeni mwa lami, akachubuka kiwiko na goti, na nazi zikatawanyika hadi mtaroni. Mdogo wangu alisimama, akamwinua mzee, akamkalisha kwenye nyasi, akaanza kuokota nazi, na trafiki walipofika walimkuta ameinama mtaroni akiwa na nazi mikononi.

Walimpeleka kituoni, na kwenye saa moja asubuhi wakampa kifaa apulize. Kilionyesha 0.09. Hakupewa karatasi yoyote, na anasema mrija aliopuliza ulikuwa ule ule ambao watu wawili walikuwa wameupuliza mbele yake. Mzee alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitalini, akatibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nilimdhamini mdogo wangu jioni, na sasa anatakiwa kufika mahakamani hapa Tanga siku ya Alhamisi kwa mashtaka mawili: moja la ulevi, na la pili la kuendesha bila uangalifu na kumjeruhi mtu.

Askari mmoja alimwambia kwamba akikubali kosa atalipa faini na kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri, lakini akikataa atazungushwa mwaka mzima. Nyumbani kwetu marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na mama tangu siku ile hajatoka nje ya ua. Kila akifungua kinywa anasema mwanangu kubali, yaishe, majirani wasije wakajua. Mdogo wangu naye, kwa aibu aliyonayo mbele ya mama, yuko tayari kukubali lolote atakalosomewa.

Nauliza mambo mawili. Je, ni sawa akubali? Na je, mtu aliyekunywa kweli ana utetezi wowote wa haki, au kumtafutia wakili ni kumfundisha kukwepa?

Wakili wa Ngamiani alijibu:

Waaleikum salaam, ndugu yangu, na poleni kwa yaliyowafika. Mfikishie pole zaidi mzee wa baiskeli. Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa mjini na kesi za barabarani nimezisimamia kwa miaka mingi, ila haya ni ya jumla, kwa kuwa hati ya mashtaka sijaiona.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inaushughulikia ulevi kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya. Kifungu ambacho sisi mawakili tumekizoea kwa namba 44 kinamlenga dereva ambaye kilevi kimemzidi hata hawezi kulimudu gari ipasavyo, na hapo ushahidi unaweza kuwa mwendo wa gari, hatua zake, maneno yake na macho yake, hata kama hakuna kifaa kilichotumika. Kifungu cha 45 kinamlenga dereva ambaye kilevi kilichomo katika damu yake kimepita kikomo, yaani miligramu 80 katika mililita 100 za damu, ambacho ndicho hicho 0.08. Hapo hata kama alitembea bila kuyumba, namba ndiyo kesi yenyewe. Someni hati mjue ameshtakiwa kwa kipi, kwa sababu utetezi unaofaa kwa kimoja haufai kwa kingine.

Sasa niseme jambo ambalo huenda halitakufurahisha. Hesabu ya mdogo wako haikubaliani na kifaa. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi, kwa hiyo chupa tatu ni gramu 60. Kwa kanuni ya Erik Widmark, mwanasayansi wa Uswidi ambaye hesabu yake inatumika mahakamani katika nchi nyingi tangu miaka ya 1930, mwanamume wa kilo 70 angefikia kama miligramu 125 hata angezinywa zote kwa mkupuo mmoja. Ini huondoa karibu miligramu 15 kila saa. Kwa mtu ambaye mwili wake ni mzito wa kazi hiyo, tuseme 10. Kutoka saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi ni saa kumi na moja, maana yake miligramu 110 zimekwisha kutoka na zimebaki kama 15. Kifaa kinasema 90. Basi ama kifaa kimekosea, na kukosea kwa kiasi hicho si kwa kawaida, ama mdogo wako hajasema yote. Mkalishe mahali ambapo mama hasikii, umwulize kwa upole, kwa sababu utetezi uliojengwa juu ya bia tatu utaporomoka shahidi wa kwanza wa arusini akiulizwa.

Wala msitumainie kwamba kipimo kilichelewa saa moja na nusu. Watu wengi hudhani hilo linamsaidia dereva, kumbe mtu aliyekwisha acha kunywa kilevi chake kinashuka kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo alipokuwa kwenye usukani huenda kilikuwa juu zaidi ya 0.09.

Kuhusu kukubali kosa, hapa naomba unisome taratibu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu tulichokizoea kwa namba 228 kabla ya toleo la mapitio la mwaka 2023, inamtaka hakimu amweleze mshtakiwa kiini cha shtaka, amwulize kama anakubali au anakataa, na kama anakubali, maneno yake yaandikwe kwa ukaribu iwezekanavyo na jinsi alivyoyatamka. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliupanga utaratibu huu hatua kwa hatua mwaka 1973 katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, na mahakama zetu zinaufuata hadi leo: shtaka na kila kipengele chake kielezwe kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe, kisha mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuongeza jambo. Akipinga jambo la msingi, hakimu anapaswa kubadili na kuandika kwamba amekataa kosa. Ni baada ya hapo tu ndipo hutiwa hatiani.

Kwa hiyo maneno "ni kweli" hutakiwa mara mbili, kwa shtaka na kwa maelezo, na ile ya pili ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu mtu akiwa ameinamisha kichwa kwa aibu hasikii tena kinachosomwa. Akishatiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, rufaa yake kwa kawaida hubaki kwenye ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Milango mingine ipo, kama vile kukiri kwa kutoelewa au kukiri kulikokuwa na utata, lakini ni myembamba.

Askari hana mamlaka ya kumwahidi mtu adhabu. Adhabu iko mikononi mwa hakimu, na pamoja na faini mahakama ina uwezo wa kumzuia asiendeshe kwa muda. Bima nayo iangalieni: ile ya lazima inamlinda mzee, lakini mikataba mingi humnyima fidia ya gari lake dereva aliyekuwa amelewa.

Ukiniuliza kwa kifupi akubali au akatae, nitakujibu kwamba akubali lile ambalo ni kweli na akatae lile ambalo si kweli, na aijue tofauti yake kabla ya kuingia mle ndani.

Mstaafu wa Barabarani alijibu:

Nakubaliana na wakili, na ninaongeza kwa upande wa kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Suala la mrija lisipuuzwe. Kila anayepuliza anapaswa kupewa mrija mpya, kwa afya yake na kwa usafi wa kipimo. Vilevile mtu hapaswi kupuliza akiwa ametoka kunywa, kutapika au kusukutua kwa dawa ya kinywa, kwa sababu kilevi kilichobaki mdomoni huipandisha namba. Anasubirishwa dakika 15, na mpimaji anamwangalia muda wote huo. Wakili wenu aulize nani alipima, kifaa kilihakikiwa lini, na matokeo yaliandikwa wapi na saa ngapi. Askari aliyefanya kazi yake vizuri hachukizwi na maswali hayo, kwa kuwa majibu anayo kwenye daftari.

Niwaambie kisa kimoja kinachonisumbua mpaka leo. Usiku mmoja nilimsimamisha mwanamume aliyekuwa akiyumba barabarani. Alishuka huku akishika mlango, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, maneno yanapishana mdomoni. Nilikwisha kumwandika akilini mwangu kuwa ni mlevi. Mwenzangu ndiye aliyeona ukingo wa kadi ya kliniki ukitokeza kwenye mfuko wa shati lake: mgonjwa wa kisukari, na sukari ilikuwa imeshuka. Tulimnywesha soda aliyokuwa nayo garini, na baada ya robo saa akaniita afande na kuniuliza yuko wapi. Kama angelazwa mahabusu hadi asubuhi, sijui ningemweleza nini mkewe.

Siwasemei walevi hapa. Nimeokota maiti za kutosha kati ya Segera na Tanga. Ninachosema ni kwamba mpimaji naye apimwe.

Kijana wa Sahare alijibu:

Mimi nimesoma katika kurasa za mawakili wa Marekani kwamba dereva ana haki ya kukataa kupimwa mpaka polisi walete hati ya mahakama. Kwa nini mdogo wake hakukataa?

Wakili wa Ngamiani alijibu:

Mdogo wangu, hukumu unayoikusudia nadhani ni ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2016 katika shauri la Birchfield dhidi ya jimbo la North Dakota, na hata hiyo haikusema hivyo. Ilisema kwamba polisi wanaweza kumpima pumzi dereva waliyemkamata kihalali kwa ulevi bila hati ya mahakama, lakini kumtoa damu ni jambo zito zaidi na kwa kawaida huhitaji hati. Ilitokana na katiba yao, na haimfungi hakimu wa Tanga. Sisi tunayo yetu: Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri, pasipo kuacha shaka la maana. Mtu asije akabishana na askari usiku barabarani kwa sababu ya ukurasa ulioandikiwa watu wa nchi nyingine.

Mama wa Watatu alijibu:

Nilikuwa nimeazimia nisiandike, lakini swali la pili la huyu kaka limenigusa mahali ambapo hapajapona.

Mume wangu aligongwa na dereva aliyekuwa amelewa, akitoka msikitini. Dereva yule alipelekwa mahakamani mapema, akasema "ni kweli", akahukumiwa, na watu wakaniambia nimshukuru Mungu kwamba haki imetendeka upesi. Baada ya miezi kadhaa nikaambiwa amekata rufaa na hukumu imefutwa, kwa sababu kwenye kumbukumbu kulikuwa na maneno hayo mawili tu, maelezo ya tukio hayakuwahi kusomwa, na haikujulikana alikuwa amekubali nini. Kesi ikaanza upya. Shahidi mmoja alikuwa amehamia bara, mwingine hakumbuki tena rangi ya gari. Haikufika popote.

Basi wanaposema kwamba kumtafutia mshtakiwa wakili ni kuwasahau waliogongwa, mimi niliyegongewa mume nasema sivyo. Laiti dereva yule angesimamiwa na mtu wa kumwambia sikiliza kwanza, hukumu ile ingesimama hadi leo. Nilitaka asikie. Nilitaka asomewe kwamba alikuwa mtu mwenye kanzu nyeupe na tasbihi mkononi, na aulizwe mbele yangu kama ni kweli, halafu ajibu akiwa na akili zake timamu.

Kaka wa Pongwe, jambo moja nakuomba. Nendeni kwa yule mzee. Hakuna aliyekuja kwangu.

Wakili wa Ngamiani alijibu:

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akupe subira. Uliyoyaeleza ndiyo yanayotokea pale maandishi ya mahakama yanapokuwa mepesi, na anayelipia ni mfiwa.

Kaka, kumjulia hali mzee na kumtengenezea baiskeli ni jambo la utu na hakuna sheria inayolikataza, ila lifanyike wazi. Nenda na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote, andikianeni kilicholipwa, na asitajiwe hata neno moja kuhusu ushahidi wake, kwa sababu kumshawishi shahidi ni kosa jingine kubwa kuliko haya mawili. Na kama fedha ya wakili haipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria. Msaidizi hawezi kumsimamia mahakamani, lakini anaweza kukaa naye na kumsomea hati neno kwa neno.

Kaka wa Pongwe alijibu:

Nawashukuru nyote, na ninarudi kuwapa habari kama nilivyowaahidi baadhi yenu pembeni.

Jumanne usiku nilimkalisha mdogo wangu barazani baada ya mama kulala. Nilimsomea hesabu ya wakili jinsi ilivyo, na nilipofika kwenye zile miligramu 15 alianza kulia. Bia zilikuwa tatu kweli, lakini baada ya saa sita usiku akina mjomba wa bwana arusi walileta dumu la mnazi, akakaa nao mpaka saa tisa. Alilala kwa muda wa saa mbili tu. Hakutaka mama asikie neno mnazi, kwa sababu babu yetu uliharibu nyumba yake, na hilo mama halisahau.

Jumatano tulikwenda kwa wakili. Alimwuliza mambo mengi kuliko polisi, akamwambia kwamba la ulevi akiwa na hakika nalo alikubali kwa kujua, na kwamba suala la mrija atalieleza akiona linafaa, lakini hatalisimamisha kama ngao ya jambo ambalo yeye mwenyewe anajua ni kweli.

Alhamisi shtaka la kwanza lilisomwa kwa Kiswahili, nalo lilikuwa la kiwango cha kilevi. Akajibu, "Ni kweli, niliendesha gari nikiwa nimekunywa kupita kiasi." La pili naye alilikubali. Kisha mwendesha mashtaka akasoma maelezo, na humo ikasemwa kwamba baada ya kumgonga mzee mshtakiwa alikimbia akakamatwa mbele ya safari. Niliona mabega ya mdogo wangu yakipanda. Nilijua kwamba wiki iliyopita angenyamaza. Akasema, "Mheshimiwa, hilo hapana. Sikukimbia. Nilisimama nikamwinua, nikaokota nazi zake." Hakimu aliweka kalamu chini, akamwomba arudie polepole, akaandika, kisha akasema kwamba kwa shtaka la pili inaandikwa amekataa kosa. Kwa la kwanza alitiwa hatiani na adhabu itasomwa baada ya wiki mbili. La pili limepangiwa siku ya usikilizwaji wa awali. Mzee wa baiskeli ni shahidi wa upande wa mashtaka, na atasema aliyoyaona.

Kwake tulikwishakwenda Jumatatu, pamoja na imamu wa mtaa wake, na mama akafuatana nasi, mara yake ya kwanza kutoka tangu siku ile. Rimu ya nyuma ilikuwa imepinda. Tuliipeleka baiskeli kwa fundi, na mdogo wangu alikaa kibandani akilishika gurudumu huku fundi akikaza spoku moja baada ya nyingine, kisha akaikokota kwa miguu mpaka mlangoni kwa mzee. Leseni yake amempa mama, ambaye ameiweka kwenye kasha la kanga mpaka hakimu atakaposema.

Mama wa Watatu, mzee alituuliza ni nani aliyetushauri twende. Nilimweleza habari zako, naye amekuombea dua.